Vidonge vya "kusafisha kobalti mwilini": je, antioksidanti zinaweza kuondoa madhara ya vumbi la madini?

Swali la Mwana wa Katuba, Lubumbashi

Ndugu zangu, nawasalimu.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ana miaka sita sasa akiponda na kuosha mawe ya kobalti upande wa Kolwezi. Hurudi kwetu Katuba kila mwisho wa mwezi, nguo zake za kazi zikiwa zimefungwa katika mfuko wa plastiki, na tangu kiangazi kilipoanza anarudi pia na kikohozi kisichomwacha. Mwezi uliopita alikuja na vidonge alivyouziwa na mtu anayezunguka katika kambi za wachimbaji. Vipo vya aina mbili: vyeupe vyenye unga ndani, ambavyo karatasi inasema ni vitamini C, na vidogo vya rangi ya chungwa, vyenye mafuta, ambavyo ni betakarotini na vitamini E. Dawa ya mwezi mmoja ni dola 30, na ameambiwa asikatize hata mwezi mmoja maadamu bado yumo katika kazi hiyo.

Karatasi yenyewe imeandikwa kwa ufundi. Inasema kwamba vumbi la madini huzalisha radikali huru mwilini, kwamba radikali hizo hula seli kama kutu inavyokula bati, na kwamba antioksidanti zilizomo katika vidonge huzizima zote na kuitoa kobalti katika damu.

Ningeipuuza, lakini muuzaji alikuja mpaka nyumbani kukusanya deni, akatuonyesha jambo kwa macho. Alijaza maji katika glasi, akadondosha matone kumi ya iodini ile ya kupaka vidonda, maji yakageuka rangi ya chai kavu. Kisha akafungua kidonge kimoja cheupe, akamimina unga wake, akakoroga kwa kijiko. Kabla kijiko hakijazunguka mara tano, rangi yote ilikuwa imetoweka na maji yakawa maangavu kama yalivyotoka kwenye ndoo. Akamwambia yaya: "Hivi ndivyo damu yako inavyosafishwa usiku ukiwa umelala." Mama alipiga makofi. Mimi sikuwa na la kujibu.

Naomba wenye elimu wanisaidie. Je, ni kweli kwamba kobalti huleta hizo radikali huru? Na kama ni kweli, na kama vidonge vinaweza kufanya tulichokiona katika glasi, kwa nini visimfae? Sipendi kumnyima yaya kitu cha kumwokoa, wala sipendi dola 30 zitoke kila mwezi wakati watoto wake wanarudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya karo.

Jibu la Fundi wa Maabara, Kampemba

Ndugu Mwana wa Katuba,

Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi, na swali lako limenigusa kwa sababu muuzaji huyo amechanganya mambo ya kweli na yasiyo ya kweli kwa namna ambayo hata mtu aliyesoma anaweza kupotea.

Nianze na glasi, kwa kuwa ndiyo iliyomshinda mama. Ulichokiona ni kemia halali kabisa. Vitamini C ni molekuli inayotoa elektroni zake kwa urahisi; iodini inazipokea na kugeuka kuwa iodidi, ambayo haina rangi. Lakini jiulize: iodini ilikwenda wapi? Haikwenda popote. Matone kumi yaliyoingia katika glasi yangali mle yote, ila sasa hayaonekani. Angekupa glasi ile uinywe, ungekunywa iodini yote pamoja na vitamini C juu yake. Kobalti nayo ni elementi kama iodini; hakuna vitamini inayoweza kuifuta. Kinachoitoa mwilini ni figo, na sehemu kubwa ya ile inayoingia katika damu hutoka kwa njia ya mkojo ndani ya siku chache, iwe mtu amemeza kidonge au hakumeza. Tatizo la yaya wako ni kwamba kila siku anaingiza nyingine.

Nimeona pia kwamba alitumia kidonge cheupe, akaviacha vile vya rangi ya chungwa. Ni hivyo vya rangi ya chungwa vinavyonitia hofu, na nitavirudia.

Kuhusu radikali huru: hizo ni atomu au molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzi, na kwa hiyo nyingi huwa na pupa ya kunyang'anya elektroni kwa jirani. Hatuhitaji vumbi la mgodi ili tuwe nazo. Kila tunapovuta pumzi, sehemu ndogo ya oksijeni inayotumiwa na mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli zetu, hugeuka kuwa superoksidi, ambayo ni radikali. Mwaka 1969, Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba mwili una kimeng'enya (protini inayoharakisha matendo ya kemia) ambacho kazi yake ni kuigeuza superoksidi kuwa peroksidi ya hidrojeni, na kimeng'enya kingine, katalasi, huivunja peroksidi hiyo kuwa maji na oksijeni. Katalasi umewahi kuiona ikifanya kazi bila kuijua: muuguzi akimimina maji ya oksijeni, ambayo ni peroksidi hiyo hiyo, juu ya kidonda, lile povu jeupe linalochemka ni oksijeni inayotolewa na katalasi iliyomo katika damu na nyama yako. Molekuli moja ya katalasi huvunja mamilioni ya molekuli za peroksidi kwa sekunde moja. Kidonge gani kitashindana na hilo?

Mkazo wa uoksidishaji, yaani hali ya seli kunyang'anywa elektroni kupita kiasi, hutokea pale ambapo uzalishaji wa radikali unaushinda ulinzi huu. Metali kama chuma, zikiwa huru ndani ya seli, huigeuza peroksidi kuwa radikali ya hidroksili. Henry Fenton alilieleza tendo la chuma na peroksidi mwaka 1894, kabla hatujajua chochote kuhusu nafasi yake mwilini. Radikali ya hidroksili ni kali mno kiasi kwamba hushambulia kitu cha kwanza inachokutana nacho, iwe ni mafuta ya ukuta wa seli, protini au DNA yenyewe, inayobeba maagizo ya urithi. Haisubiri. Ili vitamini ifike kwanza, ingebidi iwe nyingi kuliko protini na mafuta yote yaliyoizunguka, jambo lisilowezekana, maana utumbo hufyonza vitamini C kwa kiasi na figo huimwaga ile iliyozidi. Zaidi ya hayo, katika chupa ya maabara, vitamini C iliyowekwa pamoja na chuma huru hukirudishia chuma elektroni, na tendo lile la Fenton likaendelea kwa kasi zaidi. Kitu kimoja kinaweza kuwa mlinzi hapa na mchochezi pale.

Na kule kusema "huzizima zote" kungekuwa balaa kama kungewezekana. Seli nyeupe za damu huua vijidudu kwa kuvimwagia superoksidi na peroksidi. Watoto wanaozaliwa bila uwezo huo huugua maambukizi yasiyokwisha. Oksidi ya nitriki, ambayo nayo ni radikali, ndiyo inayolegeza mishipa ili damu ipite, na ugunduzi huo ulipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Sasa vile vya rangi ya chungwa. Naomba usome sehemu hii mbele ya yaya wako, hasa kama anavuta sigara.

Miaka ya 1980 wanasayansi wengi waliamini kile anachokiamini muuzaji, na walikuwa na sababu nzuri: watu waliokula mboga na matunda yenye karotini kwa wingi walionekana kupata saratani ya mapafu kwa uchache. Basi wakaamua kupima. Nchini Ufini walichukua wanaume 29,133 wavuta sigara, wenye umri kati ya miaka 50 na 69, wakawapa wengine betakarotini miligramu 20 kwa siku, wengine vitamini E, wengine vyote viwili, na wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 1994. Vitamini E haikuzuia saratani ya mapafu. Waliopewa betakarotini waliipata kwa asilimia 18 zaidi ya wale ambao hawakupewa, na vifo vyao kwa jumla vilikuwa asilimia 8 zaidi.

Marekani walikuwa na jaribio lao la watu 18,314, wavuta sigara wa sasa na wa zamani, pamoja na wanaume waliofanya kazi na asbesto. Angalia hapo: wafanyakazi wa vumbi, kama yaya wako. Walipewa betakarotini miligramu 30 pamoja na vizio 25,000 vya vitamini A. Jaribio lilisimamishwa Januari 1996, miezi 21 kabla ya wakati wake, kwa sababu waliokuwa wakimeza vidonge walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi na walikufa kwa asilimia 17 zaidi.

Ndiyo maana nakuomba, ndugu yangu, vile vya rangi ya chungwa visimezwe tena hata leo usiku.

Jibu la Mwalimu wa Kemia, Kamalondo

Nimesoma maelezo ya Fundi wa Maabara kwa heshima, lakini naona ameliacha jambo moja ambalo wazazi wa wanafunzi wangu huniuliza. Utafiti uliofanywa huku kwetu, na watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ulikuta kwamba watoto wanaoishi juu ya machimbo ya kobalti wana DNA iliyoharibiwa kwa uoksidishaji. Kama uharibifu wenyewe ni wa uoksidishaji, na umepimwa, je, si haki kusema kwamba wanahitaji kitu cha kuuzuia? Ufini hakuna kobalti ya Kolwezi. Naogopa tusije tukawaambia watu wetu kwamba hakuna la kufanya kwa kutegemea wavuta sigara wa Ulaya.

Jibu la Fundi wa Maabara, Kampemba

Mwalimu, nakushukuru, kwa kuwa umelileta jambo ambalo nilipaswa kuanza nalo.

Utafiti unaousema uliongozwa na Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, na ulitolewa mwaka 2018. Walikwenda Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao wakaanza kuchimba ndani ya viwanja, na hata chini ya sakafu za vyumba. Walipima wakazi 72, kati yao watoto 32, wakawalinganisha na wakazi wa mtaa wa jirani usiochimbwa. Kobalti katika mkojo na damu ya watu wa Kasulo ilikuwa nyingi mno kuliko ya wale wengine, na tofauti kubwa kabisa ilikuwa kwa watoto. Kwa watoto hao hao ndipo walipoona dalili za uharibifu wa DNA.

Walivyoijua dalili hiyo ni jambo lenye maana kwa swali letu. Radikali inapogonga herufi ya DNA tunayoiita guanini, huiacha na kovu la oksijeni. Seli ina mafundi wake wanaopita wakikagua, wakakata kipande kilichoharibika na kuweka kizima. Kipande kilichokatwa hutoka kwa mkojo, nasi maabara tunaweza kukipima. Kikiwa kingi, tunajua kwamba DNA inagongwa kuliko kawaida. Lakini kipimo hicho ni kama majivu nje ya nyumba: kinaonyesha kwamba ndani kuna moto. Unaweza kumpa mtu vidonge, kipimo kikashuka kidogo, na mapafu yake yakaendelea kupokea vumbi lile lile. Wafini nao walikuwa na nadharia nzuri na vipimo vizuri. Kilichowashangaza kilikuja walipohesabu wagonjwa na marehemu.

Nakubaliana nawe kwamba sigara ya Ulaya na vumbi la Kolwezi ni vitu viwili. Hata hivyo, mwenye kuuza dawa kwa mtu wa Kolwezi ndiye anayepaswa kuleta ushahidi wa Kolwezi, na muuzaji wetu ameleta glasi ya maji. Na sikusema kwamba hakuna la kufanya. Si watoto wote wa Kasulo waliokuwa wachimbaji. Kobalti iliwafikia kupitia vumbi la uani, mikono michafu na chakula. Hapo ndipo pa kushika. Mwaka 2022 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka metali ya kobalti, pamoja na chumvi zake zinazoyeyuka, katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu, kwa hiyo silichukulii jambo hili kwa wepesi.

Mwana wa Katuba, umesema yaya wako hurudi na nguo za kazi ndani ya mfuko. Nani anazifua, na wapi?

Jibu la Mama Muuguzi, Bukavu

Wanangu, nimewasoma kutoka huku Bukavu, na ningependa kuongeza jambo nililoliishi.

Nimewalea katika wodi watoto wengi wenye kwashiakoo, wale wanaovimba miguu na uso, nywele zikibadilika rangi. Kulikuwa na wakati ambapo tuliambiwa kwamba siri ya uvimbe ule huenda imepatikana: watoto hao wana glutathioni kidogo, ambayo ni mojawapo ya antioksidanti ambazo mwili hujitengenezea wenyewe, na kwa hiyo radikali huru ndizo zinazowavimbisha. Nilifurahi sana, kwa maana nilifikiri tutapata unga mdogo wa kuongeza katika uji nao utamaliza kazi. Kisha nchini Malawi likafanywa jaribio la watoto 2,372 wenye umri wa mwaka 1 hadi 4, nusu wakapewa antioksidanti kila siku kwa wiki 20, zikiwemo vitamini E na seleniamu. Matokeo yalitolewa mwaka 2005. Kwashiakoo haikupungua: waliougua walikuwa 39 katika kundi la antioksidanti na 23 katika kundi lisilopewa. Niliposikia habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu, kwa maana hadithi yote ilikuwa imekaa sawa kichwani mwangu.

Lakini naomba mtu asiyachukue maneno haya vibaya. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi 59 wakati wa kampeni ni jambo lingine kabisa. Hayo yanajaza upungufu uliopo, na yameokoa maisha ya watoto wengi. Mpelekeni mtoto apewe. Vilevile msiache sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha), matunda, na mawese mekundu kwa kiasi. Betakarotini iliyomo katika chakula haikumdhuru mtu katika majaribio yale ya Ufini na Marekani. Kilichodhuru ni kidonge chenye kiwango kikubwa, kilichomezwa kila siku kwa miaka.

Na wewe mwanangu Mwana wa Katuba, mbona wote mmezungumza habari za vidonge mkakisahau kikohozi? Kikohozi kinachopita wiki 2 ni lazima kipimwe kifua kikuu, na wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe wanapatwa nacho kwa urahisi kuliko wengine. Mpeleke yaya kituo cha afya, atoe makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Tena awaeleze kazi anayofanya, ili wakimpiga picha ya kifua wajue wanatafuta nini.

Mwana wa Katuba, Lubumbashi

Fundi, Mwalimu na Mama, nawashukuru kwa moyo wote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka yaya arudi kwanza.

Alifika Jumamosi. Anavuta sigara, ndiyo, na nilipomsomea habari za wanaume wa Ufini na wale wa asbesto alinyamaza, kisha akasema kwamba mimi siyajui mambo ya machimbo. Basi nikaenda kununua limao moja na kichupa cha iodini. Nikajaza maji katika glasi ile ile, mama akiwa ameketi hapo, nikadondosha matone kumi, kisha nikakamua limao. Ilibidi nikamue nusu zote mbili, lakini rangi ilififia hadi ikaisha. Nikamwomba yaya ainywe. Alikataa, akasema iodini bado imo ndani. Mama akamtazama yaya, naye yaya akatazama glasi. Vidonge vya rangi ya chungwa amenipa mwenyewe.

Jumatatu tulikwenda naye kituo cha afya, akatoa makohozi; tunasubiri majibu, na picha ya kifua atapigwa wiki hii.

Fundi, uliuliza nani anafua nguo zake. Ni binti yake wa miaka kumi na mmoja, na huzikung'uta kwanza mlangoni ili vumbi litoke kabla ya kuziloweka, na wadogo zake wakicheza hapo hapo. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliwaza. Tumekubaliana kwamba zitalowekwa moja kwa moja ndani ya ndoo nyuma ya nyumba, bila kukung'utwa, na yaya atazifua mwenyewe. Anauliza kama kitambaa kilicholoweshwa maji, akikifunga puani wakati wa kuponda, kinatosha, au atafute barakoa ya aina gani, maana pale kambini haziuzwi, na kama kumwagia mawe maji kabla ya kuyaponda kutapunguza vumbi. Maji anasema yapo, kwa sababu mawe yenyewe huoshwa hapo hapo.

Fundi wa Maabara, Kampemba

Amwagie maji kwanza, kabla ya nyundo ya kwanza, na aendelee kumwagia kila jiwe linapopasuka, kwa kuwa ndani huwa kavu. Hilo litamsaidia kuliko vyote alivyonunua. Kitambaa huzuia vumbi nene linaloonekana, lakini lile laini linalofika ndani ya mapafu hupita katika nyuzi zake, kwa hiyo asikitegemee. Atafute barakoa ngumu zilizoandikwa FFP2, zinazoishika pua na kidevu bila kuacha nafasi pembeni. Hapa mjini zinapatikana katika maduka ya vifaa vya kazi, na kwa dola 30 zile atanunua za kutosha kwa muda mrefu. Anawe mikono na uso kabla ya kula na kabla ya kuwasha sigara. Majibu ya makohozi yakitoka, tuandikie.